Jinsi ya kumlinda mbwa wako siku ya nyama choma

Msimu wa joto ukiingia na watu wakaanza kukaa nje na kuwasha majiko, maswali ninayoulizwa ni yaleyale. Nimpe mfupa au nisimpe? Amekula hindi pamoja na gunzi lake, nisubiri? Mbona anatweta hivi na yuko kivulini? Ameiba soseji tatu, kuna hatari? Nimeyajibu moja moja kwa miaka mingi, na karibu kila mara jambo lilikuwa limeshatokea. Mwongozo huu usome kabla mkaa haujawashwa.

Nina sababu ya kulishikilia jambo hili. Jioni moja mgeni wetu alikuwa akisimulia kisa, mkono wake mmoja umening'inia pembeni mwa kiti, na mkononi ana mshikaki alioula nusu. Mbwa wangu alipita, akaunyakua, akatafuna mara mbili, akameza nyama na kijiti chake. Aliyeona ni mtoto mmoja tu. Alipotuambia tulimbishia, maana mbwa alikuwa amesimama palepale anatikisa mkia, anaomba kingine. Siku ya kwanza alikula vizuri, na ya pili pia. Siku ya tatu alinusa bakuli akageuza uso, na akawa anasimama mgongo umepinda kama anayeogopa kuligusa tumbo lake mwenyewe. Daktari wa mifugo alipompasua alikuta ncha ya kijiti imeshatoboa ukuta wa tumbo. Alipona. Lakini tangu siku hiyo nahesabu vijiti, na siachi kuwaambia wengine wahesabu.

Watu wengi huuogopa moto. Mimi naogopa zaidi ile hali ya watu ishirini kuwa uwanjani huku kila mmoja akidhani mwenzake anamwangalia mbwa. Hatua zote zilizo hapa chini zinategemea jambo moja: siku hiyo mbwa awe na mtu wake.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA YA KUANZA

- Mabakuli mawili ya maji, mazito yasiyopinduka kwa urahisi. Moja likimwagika, la pili lipo.
- Kamba yake ya kutembelea na mkanda wa shingoni wenye namba yako ya simu.
- Kizuizi chochote cha kuzungushia jiko: wavu wa kukunja, mabenchi, meza iliyolazwa ubavu.
- Pipa la taka lenye mfuniko unaofunga kweli. Mfuko uliofungwa fundo si pipa.
- Chombo kirefu cha kukusanyia vijiti, mfano kopo au jagi kuukuu.
- Ndoo ya chuma yenye mfuniko, ya kutilia majivu.
- Chakula chake mwenyewe, kimepikwa bila chumvi wala viungo.
- Kipimajoto cha kidijitali na taulo mbili.
- Namba ya daktari wa mifugo anayepokea wagonjwa jioni na siku za mapumziko. Piga siku moja kabla uhakikishe inapokelewa. Sherehe nyingi hufanyika wikendi, na kliniki nyingi hufungwa wikendi.

Mpime mbwa uzito pia, kama hujampima karibuni. Ikitokea amekula kitu kibaya, swali la kwanza la daktari litakuwa: ana kilo ngapi?

HATUA KWA HATUA

1. Amua kwanza kama anafaa kuwepo.

Si kila mbwa hufurahia sherehe. Mwoga wa kelele, mzee, mgonjwa, jike mwenye watoto wachanga, au yule anayenguruma mtu akikaribia bakuli lake, atapumzika vizuri zaidi ndani ya nyumba. Mwekee chumba chenye hewa, maji na kitu cha kutafuna, na funga mlango kwa komeo. Wageni hutafuta choo, na hufungua kila mlango wanaoukuta.

Mbwa wa pua fupi, kama bulldog, pug na boxer, wana hali yao. Mbwa hupoza mwili hasa kwa kutweta, na jasho kidogo alilo nalo hutoka kwenye nyayo. Mwenye pua fupi ana njia nyembamba ya hewa, kwa hiyo kutweta kwenyewe kunamchosha. Jua likiwa kali, mwache ndani mpaka jioni. Vivyo hivyo kwa mbwa aliyenenepa kupita kiasi.

2. Mtembeze alfajiri, mlishe mapema.

Mtembeze wakati ardhi bado ina ubaridi, mwache anuse na akimbie, kisha arudi apumzike. Mpe chakula chake cha kawaida saa mbili au tatu kabla wageni hawajafika. Mbwa aliyeshiba bado ataomba, lakini hatakuwa na ile pupa ya kumfanya ameze kabla ya kutafuna. Kwa mbwa wakubwa wenye kifua kirefu, chakula na mbio visikaribiane: tumbo linaweza kujaa gesi na kujipinda, na hiyo ni dharura ya kuua ndani ya saa chache.

3. Mtengenezee mahali pake.

Mahali hapo pawe na kivuli, pawe mbali na jiko, na moshi usielekee huko. Kivuli huhama: mti unaofunika kitanda chake saa sita mchana, saa tisa umeshakiacha juani. Kwa hiyo angalia kivuli kitakuwa wapi alasiri, usiangalie kilipo sasa.

Pima sakafu kwa mgongo wa kiganja chako. Ukishindwa kuuweka pale kwa sekunde 7, naye hawezi kusimama hapo bila kuungua nyayo. Lami na vigae vya rangi nyeusi huwa vibaya zaidi. Nyasi ndizo salama.

Maji yawekwe kivulini na yabadilishwe kila mara. Kama kuna bwawa la kuogelea, lifunike au lizuie. Mbwa anayejua kuogelea huzama pia asipoona pa kupandia.

4. Weka mpaka wa jiko.

Acha nafasi ya mita 2 au 3 pande zote, na uizuie kweli. Amri ya "kaa" peke yake haitoshi pale mafuta yanapodondokea makaa na harufu ikasambaa. Hakikisha jiko limesimama imara. Mbwa mkubwa akiligonga kwa ubavu, makaa yote yatakuwa chini.

Kosa ninalolikuta mara nyingi: mtu anamfunga mbwa kwenye mguu wa meza au wa jiko, eti asisumbue. Siku paka akikatiza, mbwa ataondoka na meza, na kilicho juu yake kitamwangukia. Mfunge kwenye kitu kisichosogea, au mshike kamba.

Kiberiti, mafuta ya taa na vipande vya kuwashia moto vikishatumika virudi juu ya kabati, visiachwe chini ya jiko. Pale mafuta ya nyama yanapodondokea pia pana hatari yake. Mbwa hulamba udongo, mchanga au kokoto zilizoloa mafuta mpaka tumbo likaziba. Weka trei chini ya wavu, na uikaze ili asiivute. Kama unasugua wavu kwa brashi ya waya, ufute baadaye kwa kitambaa, kwa sababu nywele za waya hukatika, hunasa kwenye nyama, na huchoma koo la mbwa na la mtu vilevile.

5. Mteue mwangalizi, kwa jina.

Si "sote tutamwangalia". Mtaje mtu, mbele ya wengine: kuanzia sasa mpaka saa kumi mbwa ni wako, kisha nitakupokea. Asiwe anayechoma nyama, maana macho yake yako jikoni, na asiwe mtoto. Zamu ya saa moja inatosha; zaidi ya hapo mtu huchoka na kusahau. Anayeondoka amkabidhi anayeingia, na amwambie mbwa amekula nini na amekunywa maji mara ngapi.

Mwangalizi huyohuyo awatazame watoto walio karibu na mbwa. Mtoto mwenye kipande cha nyama mkononi, uso wake ukiwa sawa na mdomo wa mbwa, ni hatari kwa wote wawili. Mtoto mdogo akila, awe amekaa mezani.

6. Waambie wageni mapema, na uwaambie kwa ufupi.

Sema watu wakiwa wanafika, kabla sahani hazijajaa: "Karibuni sana. Tafadhali msimpe mbwa chochote kutoka kwenye sahani zenu. Mkitaka kumpa kitu, chukueni kwenye bakuli lile la bluu." Basi. Hakuna mgeni mwema atakayekasirika. Wengi wanaompa mbwa chakula hufanya hivyo kwa upendo, na ukiwanyima njia ya kuonyesha upendo huo watampa kwa siri chini ya meza. Hiyo ndiyo kazi ya bakuli.

7. Andaa bakuli la mbwa.

Kata nyama iliyopikwa bila chumvi, bila viungo, bila mfupa na bila mafuta. Kila kipande kisizidi ukucha wa kidole gumba. Unaweza kuchanganya na karoti, tango, au tikiti lisilo na mbegu wala ganda. Jumla ya vitafunwa vya siku isizidi sehemu moja ya kumi ya chakula chake, kwa hiyo bakuli liwe dogo, na likiisha limeisha.

Usitenge nyama yake kutoka kwenye ile iliyolowekwa viungo halafu ukaisuuza kwa maji. Kitunguu na kitunguu saumu vimeshaingia ndani ya nyama. Tenga ya kwake ikiwa mbichi, kabla ya kuweka chochote.

8. Chunga joto, hata kama hajakimbia.

Kila nusu saa mwangalizi amtazame mdomo. Kutweta kwa kawaida kuna mapumziko: anatweta, anafunga mdomo, anameza mate, anaendelea. Joto linapomzidi, mapumziko hayo hutoweka. Ulimi hutoka mrefu, hupanuka kwenye ncha kama kijiko, mate huwa mazito ya kunata, na fizi huiva nyekundu. Inua mdomo wake wa juu, bonyeza ufizi kwa kidole mpaka uwe mweupe, kisha achia. Rangi inapaswa kurudi ndani ya sekunde 2. Fanya hivi nyumbani akiwa mzima, ili ujue fizi zake za kawaida zina rangi gani. Wengine wana madoa meusi ya asili.

Ukiona dalili hizo za mwanzo, mwingize ndani mara moja. Usingoje ayumbe.

Na dawa ya mbu unayojipaka wewe usimpake yeye. Nyingi zina kemikali zinazomdhuru akizilamba.

9. Kusanya kabla hujaketi kupumzika.

Saa ya hatari kuliko zote ni ile watu wameshiba, mazungumzo yamenoga, sahani ziko chini kando ya viti, na mwangalizi wa mwisho ameenda kuaga wageni. Hapo ndipo mbwa hufanya ziara yake.

Vijiti vihesabiwe. Kama vilitoka jikoni 40, virudi 40 kwenye lile kopo, ukivihesabu kimoja kimoja. Kikikosekana, kitafute kwa tochi mpaka ukipate, na usipokipata mchukulie mbwa kama aliyekimeza. Mifupa, magunzi, karatasi ya alumini iliyoloa mafuta na nailoni zilizofungia nyama ziingie kwenye pipa moja kwa moja, mfuniko ufungwe, na pipa liende nyuma ya mlango.

10. Majivu si taka za kawaida.

Makaa yanayoonekana kuwa majivu matupu yanaweza kubaki na moto ndani mpaka kesho yake. Yamwagie maji mengi, koroga, mwaga tena, kisha yatie kwenye ndoo ya chuma na ufunike. Usiyafukie mchangani: mchanga huyaficha na kuyatunza joto, na mbwa akipita asubuhi atakanyaga moto asiouona. Mkaa wenye mafuta ya nyama nao huwavutia. Mbwa humeza vipande, vikaenda kuziba utumbo.

USIMPE HIVI HATA KIDOGO

Kitunguu maji, kitunguu saumu na jamaa zao wote. Nakitanguliza kwa sababu kimo karibu katika kila kitu kinachochomwa, na kwa sababu watu hawaamini. Kitunguu huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa. Kupika hakuondoi sumu yake, na unga wake una nguvu zaidi kwa kuwa umekaushwa. Mbwa wa kilo 10 anaweza kudhurika kwa kitunguu kimoja kikubwa. Saumu ni kali kuliko kitunguu maji, gramu kwa gramu. Kibaya zaidi, dalili hazionekani siku ile. Huja baada ya siku kadhaa: mbwa mlegevu, fizi zimepauka, mkojo una rangi ya kahawia.

Mifupa iliyopikwa. Moto hukausha mfupa, na ukivunjika hutoa vipande vyenye makali. Wa kuku, wa mbuzi, wa ng'ombe, yote ni mamoja. "Sisi tumewapa mifupa tangu zamani" nimeisikia mara nyingi. Niliisikia pia kutoka kwa mtu aliyekuwa amembeba mbwa wake anatokwa damu.

Magunzi ya mahindi. Punje hazina neno. Gunzi ndilo shida. Haliyeyuki tumboni, na unene wake ni wa kuziba utumbo barabara.

Zabibu, mbichi au kavu. Figo zinaweza kufeli, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama, kwa kuwa mbwa mmoja huvumilia na mwingine huangushwa na chache tu. Angalia keki na saladi.

Chokoleti, hasa nyeusi. Zailitoli, ule utamu bandia uliomo kwenye ubani, keki na vinywaji visivyo na sukari: kwenye pakiti huandikwa xylitol au E967. Kiasi kidogo sana hushusha sukari ya damu ndani ya muda mfupi, pengine nusu saa, na kingi huua ini. Karanga za makadamia humlegeza miguu ya nyuma na kumtetemesha. Pombe, hata mabaki ya chini ya glasi. Kokwa la parachichi, kwa kuwa humkaba au kuziba utumbo.

Mafuta ya nyama na ngozi. Hapa watu wengi hujiona wakarimu: "hii siili, mpe mbwa." Mlo mmoja mzito wa mafuta unaweza kuwasha uvimbe wa kongosho. Mbwa hutapika, hukataa chakula, na huinamisha kifua chini huku kiuno kikiwa juu, kama anayejinyoosha, ila hanyooki tena.

MAMBO YAKIENDA KOMBO

Kwanza kabisa, usimtapishe kwa nguvu zako. Chumvi inaweza kumuua. Kidole kooni kitakuumiza wewe na yeye. Kijiti, mfupa na mafuta ya taa hudhuru mara ya pili vikirudi juu. Maziwa hayaui sumu. Na dawa za maumivu za watu, zikiwemo parasetamoli na ibuprofeni, ni sumu kwake.

*Anatweta bila kupumzika, anayumba, au ameanguka.* Joto la kawaida la mbwa, ukilipima njia ya haja kubwa, ni kama nyuzi 38.3 hadi 39.2. Likifika 41 maisha yake yamo hatarini. Anza kumpoza palepale ulipo, kabla ya kutafuta gari. Mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida ya bomba mwili mzima, tumboni na mapajani kwa ndani, na mtu mwingine ampepee. Usiyamwage puani. Usimfunike taulo lililoloa ukaliacha juu yake, kwani linapashika na kuzuia joto kutoka; taulo tumia kumlazia. Kama ana fahamu zake, mwache anywe kidogo kidogo. Acha kumpoza joto likifika 39.5, asije akapoa kupita kiasi. Kisha mpeleke kwa daktari hata kama amesimama na kutembea, maana figo na ini vinaweza kuwa vimeshaguswa.

*Amemeza kijiti.* Mpigie daktari siku hiyohiyo, usingoje dalili. Mwambie ni kijiti cha mti au cha chuma, kwa kuwa mti mara nyingi hauonekani kwenye eksirei na huenda akahitaji kipimo kingine. Sema urefu wake. Leta kingine kinachofanana nacho.

*Amemeza mfupa au gunzi.* Piga simu pia. Daktari atakuambia uje au umwangalie nyumbani, kulingana na ukubwa wa mbwa na wa kipande. Kama akianza kutapika, kujikamua bila kupata choo, kuacha kula, au choo kina damu, hakuna tena kusubiri. Gunzi linaweza kukaa tumboni siku nyingi kabla ya kuziba.

*Amekula kitunguu, zabibu, chokoleti au zailitoli.* Chukua pakiti au kisia kiasi, angalia saa, piga simu. Daktari anaweza kumtapisha kwa dawa salama kama amekula muda si mrefu, kwa hiyo kila dakika unayotumia kubishana kama "kidogo hakidhuru" inamnyima nafasi hiyo.

*Amekunywa mafuta ya taa au kimiminika cha kuwashia.* Usimtapishe kabisa. Yakiingia mapafuni ni hatari zaidi kuliko tumboni. Yaliyoko manyoyani yaoshe kwa sabuni ya vyombo na maji asiyalambe. Mkimbize kwa daktari.

*Ameungua.* Maji ya baridi yanayotiririka, dakika 20 kamili kwa saa. Zinaonekana nyingi ukiwa umemshika mbwa anayelia, lakini ndizo zinazozuia joto kuendelea kula nyama. Usiweke barafu, mafuta, asali wala dawa ya meno. Funika kwa kitambaa safi kilicholoa, mzuie kulamba, mpeleke.

*Amekabwa, hewa haipiti.* Fungua mdomo, tazama. Kitu ukikiona na kushikika, kitoe. Usipokiona, usipapase kwa kidole, utakisukuma ndani. Mbwa mdogo mwinue miguu ya nyuma, kichwa kielekee chini, na umpige kwa kiganja kati ya mabega. Mkubwa, simama nyuma yake, mzungushe mikono tumboni, weka ngumi chini ya mbavu, na usukume ndani na mbele kwa nguvu mpaka mara 5, kisha tazama mdomo tena. Jihadhari, mbwa anayekosa hewa huuma hata bwana wake.

*Tumbo limevimba, anajikamua kutapika na hakuna kitu kinachotoka.* Mpeleke sasa hivi, usiku au mchana. Hili halina huduma ya nyumbani.

SIKU ZINAZOFUATA

Mwangalie kwa siku tano baada ya sherehe: hamu ya kula, choo, rangi ya mkojo, rangi ya fizi. Ukimpeleka kwa daktari siku ya tatu au ya nne, mtajie nyama choma ile hata kama unaona imeshapita. Wenye mbwa wengi hueleza alivyo leo tu, na daktari akaanza kutafuta ugonjwa mahali usipo. Mwambie kulikuwa na watu wangapi, kulichomwa nini, na kama vijiti vilitimia.